Kwa Mguu hadi Westfall, Nikiwa Adui

Safari ilianza saa tatu usiku kwa saa za Dar es Salaam. Muscat ilikuwa saa nne. Bergen, katika baridi ya Januari, ilikuwa saa moja tu. Tulikutana watu watano kwenye daraja la lango kuu la Stormwind, chini ya sanamu za mashujaa waliokwenda kupigana katika dunia nyingine. Stormwind ni mji wa kuta nyeupe na mifereji ya maji, nao umo ndani ya World of Warcraft, mchezo wa kompyuta ambao kampuni ya Blizzard iliuzindua Marekani Novemba 23, 2004 na Ulaya Februari 2005. Wengi huingia humo kuua madubwana na kujikusanyia silaha. Sisi tulikwenda kuigiza.

Utaratibu wetu hauna makuu. Kila mchezaji ana mhusika wake, mwenye kazi, tabia na historia. Huandika anachosema mhusika huyo na anachotenda, sentensi mbili tatu kwa zamu, na wenzake hujibu kwa njia hiyohiyo. Hakuna mtunzi mmoja, wala hakuna anayejua kisa kitaishia wapi. Zipo seva zilizotengwa kwa ajili ya watu wa namna hii, na kwa upande wa Ulaya mojawapo ya zinazojulikana sana ni Argent Dawn. Pale langoni wageni walikuwa wakipita na Kiingereza chao, mara mlinzi, mara mchuuzi, mara padri, nasi tukiandikiana Kiswahili katika soga ya kikundi chetu, isiyoonekana na mtu mwingine.

Kiongozi wa msafara alikuwa dada mmoja wa Muscat, mzoefu kuliko sote, ambaye angeigiza kapteni wa walinzi huko Westfall, nchi ya mashamba tuliyokuwa tukiiendea. Mwalimu wa Tanga alikuwa mjane mwenye shamba la ngano. Kaka wa Bergen alikuwa mwashi mzee wa mawe, na kijana wa Nairobi alikuwa mwendesha mkokoteni. Mimi nilishawahi kuigiza askari na mganga, watu wema wanaopendwa kila wanapofika. Hii ilikuwa safari yangu ya kwanza nikivaa uhusika wa adui.

Nilimchagua dalali. Ametumwa na makabaila wa Stormwind kwenda kuuza kwa mnada mashamba ya Westfall ambayo wenyewe wameshindwa kulipa kodi. Nilimvika joho safi, nikampa daftari la madeni na sauti ya upole. Aliyewahi kuona tangazo la mnada limebandikwa kwenye mlango wa jirani hahitaji kuelezwa uzito wa mtu huyu. Hana upanga, na bado watoto hunyamaza akipita.

Kabla hatujaondoka dada wa Muscat aliniuliza swali moja tu. “Kaka, huyu dalali wako akilala usiku, anajiambia nini?”

Nilikuwa na jibu, kwa sababu nchi yenyewe ilinisaidia kulipata. Katika historia ya mchezo huu, Stormwind iliwahi kuteketezwa na maorki, na walionusurika walikimbia kwa bahari. Dalali wangu alikuwa mtoto ndani ya mojawapo ya meli hizo, na mama yake alikufa njaa kabla hawajaiona pwani. Tangu hapo ana imani moja: ghala la mji lisikauke tena, liwalo na liwe. Katika kila gunia lililobaki shambani bila kulipiwa kodi, yeye humwona mtoto wa mjini anayelala bila kula. Akimtoa mjane shambani, anaamini anaokoa watu.

Dada aliridhika. Adui anayejua kuwa yeye ni mwovu, alisema, huwachosha wenzake mapema, kwa kuwa hakuna cha kuzungumza naye. Wanaweza tu kumpiga. Anayeamini kuwa ana haki hulazimisha kila mtu atafute hoja zake mwenyewe.

Tukashuka barabara ya kusini, tukaingia msitu wa Elwynn. Katika kibodi kuna kitufe kinachomfanya mhusika atembee badala ya kukimbia, na waigizaji hukitumia sana, maana mazungumzo mazuri hayapatikani mbioni. Miti ya Elwynn ni mirefu na ya kijani kibichi, taa zimetundikwa kwenye nguzo kando ya barabara, na huwezi kutembea mbali bila kusikia mbwamwitu. Njiani nilisoma maelezo ya wenzangu. Wengi wetu hutumia programu-jalizi iitwayo Total RP 3, inayokuwezesha kuandika sura na mavazi ya mhusika wako ili yeyote atakayembonyeza asome. Katika maelezo ya dalali nilikuwa nimeandika yale tu ambayo macho yanaweza kuyaona: vidole vyenye wino, joho lisilo na vumbi, kifuko kidogo cha mkate mkavu kiunoni. Nilitaka mtu akiwa na hamu aulize habari za ule mkate.

Goldshire ni kijiji cha kwanza, na nyumba yake ya wageni, Lion's Pride, hujaa watu wa kila aina. Hapo dalali alimwita mwendesha mkokoteni mezani, akamwagizia kinywaji. Hapo pia ndipo nilipoanza kuitumia kanuni ambayo watu wa fani hii huitaja kabla ya nyingine zote: andika jaribio, matokeo mwachie mwenzako. Ningeandika, “Dalali anamlewesha kijana mpaka anataja idadi ya magunia,” ningekuwa nimeiba mdomo wa mtu mwingine. Nikaandika, “Dalali anasogeza kikombe cha pili mbele ya kijana, anashusha sauti: Wewe ni msafiri, unaona mengi. Mwaka huu huko kwa mjane pamevunwa vizuri?”

Kijana wa Nairobi alikuwa na uhuru wa kunywa, kukataa, kudanganya, au kumwaga kinywaji chini. Alichagua kunywa. Kisha akauliza kile nilichotamani mtu akiulize: “Na wewe, mkubwa, mbona mtu mwenye hela kama wewe unabeba mkate mkavu?” Dalali akamweleza habari za meli na za mama yake, yote, bila kuficha. Nilikuwa nimeamua mapema kwamba mtu huyu hatadanganya kuhusu jambo lolote. Kijana akaandika kwamba mwendesha mkokoteni ametazama chini kwa muda, kisha akataja magunia.

Kanuni hii ya kutoandika matokeo ya mwenzako haikuzuka tu. Ina historia, tena yenye maumivu. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974, mtu mmoja aliyeongoza mchezo ndiye aliyebeba maadui wote, na wachezaji walimkubalia mamlaka hayo. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuunda MUD, dunia ya maandishi matupu ambamo watu wengi waliweza kuwamo kwa wakati mmoja, kisha Richard Bartle akaiendeleza. Kutoka hapo zikazaliwa dunia nyingine nyingi za maandishi, na humo yeyote aliweza kuwa adui wa yeyote.

Mojawapo ilikuwa LambdaMOO, iliyofunguliwa mwaka 1990 na Pavel Curtis wa kituo cha utafiti cha Xerox huko California. Mwaka 1993 mchezaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia programu ndogo iliyompa uwezo wa kuandika matendo ya wahusika wasio wake. Sebuleni, mbele ya watu, aliwafanya wahusika wa wengine waonekane wakitendewa, na wenyewe wakitenda, udhalilishaji wa kingono ambao wenye wahusika hao hawakuukubali. Mwandishi Julian Dibbell aliisimulia habari hiyo katika gazeti la The Village Voice, na ikawafundisha wengi kwamba maandishi yanaweza kumuumiza mtu halisi aliyeketi mbele ya kompyuta yake. Mhusika wa Mr. Bungle alifutwa, na jumuiya ile ikalazimika kujiundia utaratibu wa kupiga kura kuhusu mambo yake.

Kinachonigusa katika kisa kile ni kifaa alichokitumia. Ukali wa mhusika peke yake usingeleta madhara yale. Madhara yalitokana na kuchukua mikono na midomo ya wengine. Mtu anaweza kuigiza katili wa kutisha na wenzake wakafurahia kila sentensi, ilimradi kila mmoja abaki na hatamu za mhusika wake. Aliyezishika hatamu zote hana tena wa kucheza naye.

Tulivuka mto, tukaingia Westfall, na rangi zikabadilika. Kijani cha Elwynn hukatika pale mtoni. Ng'ambo yake kila kitu ni cha manjano, nyasi kavu na ngano, na mashine za kuvunia zinazotembea mashambani bila mwenyewe zikimshambulia yeyote anayekaribia. Mwaka 2010 waundaji wa mchezo waliibadilisha nchi hii: shimo kubwa lenye kimbunga lilifunguka katikati ya mashamba, na barabara zikajaa watu wasio na makao. Ukifika na dalali katika nchi kama hii huhitaji kueleza sana. Mandhari yenyewe imeshakusemea nusu ya maneno.

Westfall ndiyo nchi ya Edwin VanCleef, na mtu anayetaka kujifunza uadui angefaa aanzie kwake. VanCleef aliongoza chama cha waashi waliojenga upya Stormwind baada ya vita. Kazi ilipokwisha, Baraza la Makabaila likakataa kuwalipa. Waashi wakafanya ghasia, malkia Tiffin akauawa kwa jiwe, na VanCleef akakimbilia Westfall na watu wake, wakawa genge la Defias, wenye vitambaa vyekundu usoni. Ndani ya machimbo ya Deadmines, chini ya kijiji cha Moonbrook, waliunda meli ya kivita wakikusudia kulipiza kisasi. Hapo awali wachezaji wapya walitumwa kumuua, na wengi walimuua bila kujua kwamba mawe waliyoyakanyaga mjini yaliwekwa na mikono yake. Baada ya mabadiliko ya 2010, binti yake Vanessa huishi kwa jina la uongo katika shamba la Saldean, na ndiye anayekuhimiza uwapelekee wenye njaa mchuzi wa Westfall, bamia ikiwamo. Unampenda kwanza, kisha unagundua kuwa ndiye atakayeiwasha nchi moto.

Kaka wa Bergen aliijua historia hiyo vizuri. Mwashi wake alikuwa mmoja wa wale wasiolipwa. Tulipofika katika shamba tulilolichagua liwe la mjane, alikuwa ameshasimama mlangoni pa ghala.

“Nilijenga ukumbi wanaokaa mabwana zako,” mwashi alisema. “Leo utaniondoa na hapa?”

Dalali alifungua daftari. “Mzee wangu, sikuja kwako. Nimekuja kwenye ghala. Nakuomba, kwa heshima ya mvi zako, usogee.”

Mwashi hakusogea. Hapo ikabidi tuwatumie walinzi wawili wa kufikirika waliofuatana na dalali, na kwa mambo ya mabavu tuna dadu. Mchezo huu una amri inayotoa namba kuanzia 1 hadi 100, na wote walio karibu huiona. Dadu humlinda adui dhidi ya tamaa yake ya kushinda, na humlinda pia steringi dhidi ya tamaa hiyohiyo. Kaka alipata namba kubwa kuliko yangu, walinzi wakarudi nyuma. Niliandika kushindwa huko kwa kirefu: mmoja ameshika bega, mwingine anamtazama dalali kama mtu anayesubiri ruhusa ya kuondoka. Pigo la mwenzako likipokewa kwa sentensi tatu zenye uzito, naye hujua kuwa amefanya jambo kubwa. Adui anayepuuza kila pigo huifanya kazi ya wenzake iwe bure.

Kisha dalali akamgeukia mjane, akaanza kusoma deni lake kwa sauti, mwaka baada ya mwaka. Nilikuwa nimepanga kwamba baada ya kusoma angeamuru vitu vya ndani vitolewe nje, na kitanda cha mtoto kiwe cha kwanza. Niliandika kwamba anaelekea mlangoni. Mwalimu wa Tanga akaandika ndani ya mabano, alama tunayoitumia kwa maneno yaliyo nje ya uhusika: “Samahani ndugu zangu. Hapo kwa mtoto naomba tusionyeshe. Endeleeni tu.”

Hakuna aliyemuuliza sababu. Wachezaji wa mezani wana kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos: anayeigusa hahitaji kujieleza, na jambo linalochezwa huachwa au hurukwa papo hapo. Mbunifu mwingine, Ron Edwards, alitenganisha mambo yasiyoingia kabisa katika mchezo na yale yanayotokea nyuma ya pazia bila kuonyeshwa. Sisi tulikuwa tumeyapanga hayo kabla ya safari, kila mtu akitaja mipaka yake, na dada wa Muscat alikuwa ameongeza kwamba mipaka mingine mtu huijua akiifikia tu. Nikaandika: “Mlango unafungwa. Unapofunguliwa tena, jua limeshuka.” Mjane akatoka nje ameshika funguo zake mkononi, na kisa kikasonga mbele bila kupoa hata kidogo. Nilimheshimu sana Mwalimu usiku ule. Aliyaweka maneno yake wazi, akarudi ndani ya uhusika, na mjane wake alikuwa mkali zaidi kuliko mwanzo.

“Twende kwa kapteni,” mjane alisema. “Useme hayo mbele ya watu.”

Sentinel Hill ni mnara wa walinzi juu ya kilima, katikati ya Westfall. Dada wa Muscat, sasa akiwa kapteni, alituweka kando ya moto na kutaka kila mmoja aseme. Nilikuwa nimejiandaa kwa saa hiyo tangu mwanzo. Adui mzuri huingia katika kisa akiwa na ufa, ili wenzake wapate pa kupenyeza wembe, na ufa wa dalali ulikuwa ndani ya daftari: kurasa za mwisho zilikuwa na madeni ya makabaila wenyewe, ujira wa waashi ambao haukulipwa kamwe. Nilitegemea mwashi angedai daftari lisomwe lote. Nilikuwa nimetaja unene wake mara kadhaa njiani ili aone.

Hakudai. Aliyesimama ni kijana wa Nairobi, kupitia mwendesha mkokoteni wake ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama.

“Mkubwa,” alisema, “kule Goldshire ulinieleza habari za mama yako. Nimekuwa nikiwaza njia nzima. Mama yako angekuwa hai leo, jina lake lingekuwa kwenye ghala unalolilinda, au ndani ya hilo daftari?”

Kwa muda hakuna aliyeandika. Mlango nilioutengeneza ulikuwa upande mmoja, na yeye alikuwa ameingia kwa mwingine, kwa kutumia kitu nilichompa kwa mkono wangu mwenyewe. Ningeweza kumtafutia dalali jibu la kiujanja, maneno hayakosekani. Lakini swali lile lilikuwa la kweli kwa mtu yule, na heshima ya fani hii ni kuliacha la kweli lifanye kazi yake. Dalali alifunga daftari. Akamkabidhi mwashi, akasema: “Soma kurasa za mwisho, mzee. Mimi leo siuzi. Lakini wale mabwana watamtuma mwingine, na huyo huenda hajawahi kushinda njaa.”

Sikumgeuza kuwa mtu mwema. Alishuka kilimani bila kuomba msamaha, akiwa bado anaamini kwamba mji utakufa njaa. Akishindwa kwa namna hiyo, ushindi wa wenzake unabaki wao, na hofu inabaki ya kuanzia kisa kingine. Mwashi alianza kusoma majina ya waashi wenzake kwa sauti, wengine wakiwa wameshakufa, na tulimsikiliza kaka wa Bergen akiyabuni moja baada ya jingine mpaka usiku ukawa mkubwa.

Baadaye tulivua uhusika na kubaki kuzungumza kama sisi wenyewe, jambo ambalo dada wa Muscat hakubali liachwe. Adui ndiye huanza. Nilimuuliza Mwalimu kama kuna sentensi yangu iliyomkera yeye mwenyewe, mbali na mjane. Akasema hapana, akaongeza kuwa alikuwa na miaka mingi hajapata nafasi ya kumjibu mtu wa daftari. Kaka wa Bergen alitaka kujua yaliyokuwa yamepangwa, nikamwonyesha ule mlango ambao hakuutumia. Tuliagana kwa furaha ya watu waliofanya kazi pamoja.

Kwa watu waliokulia katika Kiswahili nafasi hii ya adui isingekuwa ngeni. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, waziri Majivuno anamshtaki Karama, na ni shtaka hilo linalomfungulia Karama siku sita za utetezi. Majivuno angenyamaza, tusingezisikia habari za wajumbe sita, wala tusingejua ufasaha wa mshtakiwa. Ukubwa wa Karama umepimwa kwa kizuizi alichowekewa. Tofauti ni kwamba Majivuno na Karama walitoka katika kalamu moja, na katika uigizaji wa pamoja kila upande una mtu hai aliyeushika. Kwa hiyo nafasi ya adui inadai kitu kisichodaiwa na nafasi nyingine: unabeba nguvu za kuwatisha watu, na nguvu hizo wamekuazima wao. Wakiziondoa, huna kitu.

Wengi hudhani nafasi hiyo inamfaa mwenye ulimi mkali, anayejua kutukana na kutisha, na ndiyo sababu vikundi vingi huvunjika mikononi mwa mtu wa namna hiyo. Nilichokiona barabarani kati ya Stormwind na Sentinel Hill ni kwamba ukali ndio sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kukumbuka kila mwenzako anatafuta nini: mwashi anataka kulipwa, mjane anataka kusikilizwa, kijana wa mkokoteni anataka siku moja atazamwe. Adui ndiye anayewawekea njiani kile kitakachowalazimisha wakitafute kwa nguvu zao zote, kisha anakaa macho aone wamepita wapi.

Tumeshakubaliana kuhusu safari ijayo. Tutakwenda Duskwood, msitu wa giza ulio kusini ya Elwynn, na kijana wa Nairobi ameomba yeye awe adui. Kuna aliyetaka kusema kuwa bado ni mdogo. Dada wa Muscat akajibu kwamba kule Goldshire sote tulisikia habari za mkate mkavu, na ni mmoja tu aliyezibeba mpaka juu ya kilima. Mtu anayesikiliza hivyo ndiye wa kukabidhiwa uadui, nasi tumemkabidhi.